Kiunzi Kilichotoka Kansas Hadi Kwenye Karasha

Mavuno yakishaingia ghalani, Usukumani ni ngoma. Kundi la Bagika huingia uwanjani upande mmoja, kundi la Bagalu upande wa pili, na yote mawili hupiga kwa wakati mmoja. Kila kundi lina manju wake, nyimbo zake, dawa zake na mbinu zake za siri. Huyu ataleta nyoka, yule ataleta vijana wanaorusha majembe juu na kuyadaka. Watazamaji nao wana miguu: wakivutiwa huku wanakaa, wakisikia shangwe kule wanakimbilia kule. Jua linapozama, kundi lililozungukwa na watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Ushindani huo ulianza karne ya 19, na wazee huufikisha kwa manju wawili, Ngika na Gumha.

Nimekulia Kahama na nimezikimbilia ngoma hizo nikiwa mtoto. Miaka mingi baadaye nilipoanza kujifunza kutengeneza tovuti, nikakuta viunzi kumi vinapigiwa debe kwa wakati mmoja, kila kimoja na manju wake, na picha iliyonijia ilikuwa ya uwanja ule. Tofauti niliiona baadaye. Kwenye ngoma mtazamaji akishasimama pembeni kazi yake imekwisha. Mgeni wa kiunzi hawezi kusimama pembeni, maana anatakiwa aingie acheze yeye mwenyewe, na hatua hazijui. Historia ninayoisimulia ni ya kiunzi kimoja, Django, na ya watu waliokubali kuingia katikati ya uwanja kuwashika wageni mkono.

Kwa asiyejua, kiunzi cha wavuti ni kama nyumba iliyokwisha simamishwa nguzo na kenchi. Kila tovuti inahitaji mlango wa kuingilia, ufunguo wa kila mtumiaji, mahali pa kuweka kumbukumbu na njia ya kuzitoa. Badala ya kuvichonga upya kila mara, unavikuta tayari, wewe unakandika kuta na kupanga vyumba. Django ni programu huria: msimbo wake uko wazi, unausoma, unaubadilisha, unautumia kwa biashara yako, na hakuna anayekudai.

Kabla ya Django ilibidi kwanza kompyuta zifike, nazo zilichelewa kufika kwetu, na si kwa bahati mbaya tu. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, kwa hofu ya kupoteza fedha za kigeni. Marufuku ililegezwa baadaye, lakini nchi ilikuwa imeachwa nyuma. Katika mkanda wetu wa dhahabu kompyuta za kwanza tulizozisikia zilikuja na migodi mikubwa: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001. Zilikuwa ndani ya uzio. Sisi tuliokuwa nje tuliona magari meupe yakipita na vumbi lake. Sengerema, jirani na Geita, ilipata kituo cha mawasiliano cha jamii mwaka huohuo wa 2001, na watu walikwenda pale kujifunza kuandika barua. Kahama na Shinyanga mjini tulikuwa na stesheneri: kompyuta mbili, mashine ya kutoa kopi, na dada mmoja anayechapa kwa kasi kuliko mvua ya Machi.

Wakati huo ndipo programu huria zilipohubiriwa Tanzania kwa nguvu. Idara ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na wataalamu wa kampuni ya IT+46 ya Sweden, iliendesha mradi wa Kilinux, na mwishoni mwa 2004 ikatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima. Watu walikaa chini wakaamua neno moja baada ya jingine, hadi mtu aweze kuamuru mashine kwa lugha yake. Microsoft nayo mwaka huohuo ilitangaza kwamba itatoa programu zake kwa Kiswahili. Manju wawili, uwanja mmoja.

Lakini pale stesheneri hakuna aliyehama. Nimelifikiria sana jambo hili. Wahubiri wa programu huria walisema ni bure, wakidhani wanashindana na programu ya kununua. Mtaani kwetu hakuna aliyewahi kununua programu. Windows ilikuja kwenye CD ya kuchoma, pamoja na Office yake na nyimbo za dini juu yake, kwa bei ya sahani ya wali. Neno “bure” halikuwa na makali yoyote. Zaidi ya hapo, Windows ya kuchoma ilikuwa na kitu ambacho Jambo OpenOffice haikuwa nacho Kahama: ikiharibika, kulikuwa na kijana nyuma ya soko anayejua kuirekebisha.

Kwa upande wa kutengeneza tovuti, iliyotawala ilikuwa lugha ya programu ya PHP. Rasmus Lerdorf aliitoa kwa umma mwaka 1995, na ilipendwa kwa sababu haikuwa na makuu: unaandika mistari michache, unaipakia, inafanya kazi. Kampuni zinazopangisha nafasi za tovuti kwa bei ndogo ziliiweka tayari, na vyuo viliifundisha. Kijana wa Shinyanga aliyekwenda chuoni Mwanza au Dar alirudi na PHP kichwani. Hilo lilitosha. Akikwama, mwenzake aliyesoma naye alijua jibu.

Ilikuwa hivyohivyo Lawrence, mji wa chuo kikuu huko Kansas, katikati ya Marekani, penye tambarare za ngano. Gazeti la mji huo, Lawrence Journal-World, lilikuwa na tovuti zake kwa PHP. Mwaka 2003 zilihudumiwa na Adrian Holovaty na Simon Willison, kijana kutoka Uingereza aliyekuja kwa mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi. Zile tovuti ziliwalemea. Chumba cha habari hakina subira: mhariri anataka asubuhi ukurasa wa matokeo ya michezo ya watoto, na anautaka kabla gazeti la kesho halijapangwa. Leo michezo, kesho uchaguzi, keshokutwa ratiba ya bendi za mjini. Wale wawili wakahamia Python, lugha ambayo msimbo wake husomeka karibu kama maandishi ya kawaida, na kila walipomaliza kazi moja walitoa ndani yake sehemu inayoweza kutumika tena. Vipande hivyo, vikikusanyika mwezi baada ya mwezi, ndivyo vikawa kiunzi. Hawakukaa mezani kukibuni.

Willison aliporudi kwao, akaja Jacob Kaplan-Moss. Mbunifu Wilson Miner akaupamba ukurasa wa usimamizi, ule ambao mwandishi wa habari asiyejua programu huingiza taarifa zake humo. Mwajiri wao alikubali kiunzi kitolewe kwa umma, na Julai 2005 kikatoka kwa leseni ya BSD, isiyokudai mengi zaidi ya kutunza tamko la haki za waliotangulia. Walikiita Django, kwa heshima ya mpiga gitaa Django Reinhardt, ambaye moto ulimharibu vidole viwili akiwa kijana naye akaendelea kupiga kwa vile vilivyobaki.

Uwanjani kulikuwa na mtu tayari. Ruby on Rails, kiunzi cha David Heinemeier Hansson, kilikuwa kimetoka mwaka mmoja kabla, na manju wake alijua kuvuta watu: alirekodi video akijenga blogu nzima kwa dakika 15. Watu walikimbilia kule. Django ilichukua njia ya waandishi wa habari waliokuwa jikoni mwake, njia ya maandishi. Mafunzo yake ya mwanzo humfundisha mgeni kujenga kura ya maoni, swali na majibu yake, na huanza kwa kudhani huijui Django hata kidogo. Mpaka leo ndivyo yalivyo. Anayeyafuata hatua kwa hatua hufika. Holovaty na Kaplan-Moss waliandika pia kitabu kizima na kukiweka wazi kisomwe bila malipo. Juni 2008 ikaundwa taasisi ya kukilea kiunzi, Django Software Foundation, na Septemba mwaka huo toleo la 1.0 likatoka.

Haya yote yalipita mbali na sisi. Mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na katika miaka iliyofuata mkongo wa taifa ukapanda hadi kanda ya Ziwa. Simu zikawa na intaneti, na mlango ukafunguka kwa kishindo. Viunzi vyote viliingia pamoja: Flask ya Armin Ronacher ya 2010, Laravel ya Taylor Otwell ya 2011, na viunzi vyote vilivyojengwa juu ya Node. Kijana anayeanza alifungua video moja, ikamwambia hiki ndicho kiunzi cha kisasa. Akamaliza nusu, akakutana na nyingine inayosema kile kimezeeka. Nimewaona wengi waliokula mwaka mzima hivyo, wakiruka kutoka ngoma hadi ngoma, bando likiisha njiani.

Jibu zuri kuliko yote niliyoyaona lilitoka kwa wanawake wawili wa Poland, Ola Sitarska na Ola Sendecka. Julai 2014, kwenye mkutano wa EuroPython huko Berlin, walifanya warsha ya siku moja kwa wanawake ambao hawajawahi kuandika programu. Waliiita Django Girls. Kiingilio hakikuwepo. Wanafunzi waligawanywa katika vikundi vidogo, kila kimoja na mwalimu wake mezani. Mwalimu haruhusiwi kushika kibodi ya mwanafunzi. Anaeleza, anaonyesha kwa kidole, anasubiri. Jioni kila mmoja anaondoka na blogu yake ikiwa hewani, inafunguka kwenye simu ya mama yake. Mwongozo wenyewe uliachwa wazi kwa yeyote autumie au autafsiri, na warsha hizo zikazagaa duniani bila waanzilishi kuwepo.

Ndani ya warsha hizo hakuna hoja hata moja ya kumshinda Rails au Laravel. Hawakusema Django ni bora kuliko nani. Walimwekea mgeni kiti, na mtu kando yake.

Afrika ilishika uzi huo mapema. Mkutano wa kwanza wa Python wa Namibia ulifanyika Windhoek mwaka 2015, na Daniele Procida, mmoja wa watengenezaji wa Django, alikuwa miongoni mwa waliousukuma. Anna Makarudze wa Zimbabwe akapanda hadi kuwa rais wa Django Software Foundation yenyewe. Kisha, kuanzia tarehe 6 hadi 11 Novemba 2023, mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa ukafanyika Zanzibar. Kwa mtu wa bara kama mimi, aliyejifunza kila kitu kwenye kioo cha simu kilichopasuka, kusikia kwamba watu waliokuwa wakiandika msimbo ule wamekaa Unguja wanakunywa urojo na vijana wetu kulinitoa machozi. Agosti 2025 mkutano huo ulirudi Tanzania, Arusha. Shinyanga bado. Ila kutoka Arusha hadi Shinyanga ni safari ya basi moja.

Mimi nikaipeleka Django kwa mjomba wangu, mwenye karasha kijijini upande wa Geita. Wachimbaji wadogo huleta mwamba kutoka kwenye maduara, yaani mashimo yao, ukiwa kwenye mifuko, karasha inausaga, unga unapitishwa kwenye mwalo wa kuchujia dhahabu, na kinachobaki baada ya dhahabu kutolewa huitwa marudio. Marudio nayo yana dhahabu, huuzwa kwa wenye mitambo ya elusheni ya kuitoa, na ugomvi mwingi hutoka hapo. Nani alileta mifuko mingapi, nani ana deni la kusaga, marudio ya nani ni ya nani: yote yalikuwa kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu, lililojaa maji, vumbi na alama za vidole.

Kabla yangu mjomba alikuwa amemlipa fundi mmoja wa mjini amtengenezee mfumo. Ulifanya kazi miezi minne. Ulipokwama, fundi hakupatikana tena, na kila niliyemwonyesha ule msimbo alitikisa kichwa. Haukufuata kiunzi chochote, kila kitu kilikuwa mahali alipokitaka yeye na kichwani mwake. Mjomba alirudi kwenye daftari na hakutaka kusikia habari za kompyuta.

Nilimkuta asubuhi ameketi kwenye kiroba. “Mwangaluka, mjomba.”

“Mwangaluka. Umekuja na ile mashine yako?”

Nilimwambia nimekuja nayo, na kwamba safari hii hakuna cha kununua. Hakushtuka. “Cha bure mwenyewe ni nani?” akauliza. Ndipo nikamkumbusha habari aliyonisimulia yeye nikiwa mdogo, ya babu na pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa jimbo la Ziwa walichoka na mizani ya wanunuzi, mizani waliyoona inawapunja. Wakaweka wapimaji wao wenyewe pembeni ya mnunuzi. Kutoka hapo vikakua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likasimama Shirikisho la Victoria chini ya Paul Bomani. “Huu ni mzani unaoweza kuufungua,” nikamwambia. “Nikiondoka leo, mtu mwingine yeyote anayeijua Django ataingia humu na kukuta kila kitu mahali anapokitarajia.”

Alikaa kimya, halafu akaita, “Mayu, njoo uone.” Aliyeitwa ni binti anayetunza daftari, mwenye kidato cha nne na mwandiko mzuri.

Kijiji kile hakikuwa na mtandao wa kutegemea, kwa hiyo hesabu za bando ndizo zilizoniongoza hata kabla ya hoja nyingine. Django nzima ni kama MB 8. Python yenyewe kama MB 25, na hifadhidata ya SQLite imo humohumo, hakuna cha kusimika pembeni. Furushi la kuanzia PHP kwenye Windows, XAMPP, ni zaidi ya MB 100, na miradi ya Node huvuta vipande vyake kila unapoanza. Vya kwangu nilivibeba kwenye flashi kutoka Kahama. Niliwasha laptopu, nikawasha hotspoti ya simu bila salio lolote ndani, na simu ndogo ya yule binti ikafungua ukurasa kutoka kwenye laptopu iliyokuwa juu ya pipa.

Nikakaa kando yake na mikono yangu magotini, kwa amri ya wale akina Ola. Aliandika yeye. Alitafuta herufi moja moja, alikosea nafasi mwanzoni mwa mstari, Python ikamgomea, akarekebisha. Tukaeleza “Mzigo” ni nini: jina la mchimbaji, idadi ya mifuko, tarehe, kama amelipa. Mistari sita. Nikamwonyesha mahali pa kubadilisha lugha kwenye mipangilio, herufi mbili tu, sw, kwa sababu watu wa kujitolea walikwisha itafsiri Django kwa Kiswahili. Ukurasa wa usimamizi ukafunguka na kitufe cha Hifadhi mahali pake. Aliandika mzigo wa kwanza, mifuko saba, akabonyeza. Ukabaki pale. Akafunga laptopu, akaifungua tena kuhakikisha.

“Upo,” akasema.

Mjomba akasogea. “Na huyu akibisha kwamba alileta minane?”

“Tunamwonyesha tarehe na saa iliyoandikwa,” binti akajibu, na jibu lile sikumfundisha mimi.

Siku ya tatu nilipokuwa nafunga mkoba, aliniuliza, “Kaka, nikitaka na marudio yaonekane humu?” Nilimwambia ni mstari mmoja, halafu amri mbili: ya kwanza huandaa badiliko, ya pili hulitia kwenye hifadhidata. Aliziandika nyuma ya daftari la zamani, kwenye jalada gumu. Kisha akauongeza mstari, akapiga amri, na kisanduku kipya cha marudio kikatokea chini ya mifuko.

Nilirudi Kahama. Mwezi uliofuata nilipita tena, mashine inanguruma, unga mweupe juu ya kila kitu. Pale kwenye pipa walikuwa wasichana wawili. Wa pili alikuwa mtunza daftari wa karasha ya jirani, ameshika kalamu, anatazama kioo kwa wasiwasi. Yule wetu aliisukuma laptopu kwa viganja viwili hadi mbele ya mwenzake, akairudisha mikono yake magotini.

“Andika wewe,” akamwambia.